Pikapu, sendofu na ndugu zao wa Kiingereza

Pikapu inayobeba matofali, sendofu ya binti anayeolewa, mekapu ya bibi harusi, chekapu ya hospitalini na nokauti ya ulingoni ni maneno ya ukoo mmoja. Yote ni nomino ambazo Kiingereza kimeziunda kutokana na vitenzi vya maneno mawili: kitenzi cha kawaida kama "pick", "send" au "knock", kikifuatwa na kijineno kifupi kama "up", "off" au "out". Kwetu kila moja limetulia na maana moja. Huko yalikotoka mengi yana maana kadhaa, na hapo ndipo wanafunzi, wafasiri na waandishi wetu wa habari hujikwaa.

Tuanze na pikapu. Kwa Kiingereza "pickup" ni gari lile lile, lakini pia ni kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi za gitaa la umeme, ni kwenda kumchukua abiria au mzigo, ni kuchangamka kwa biashara iliyokuwa imedorora. Sendofu kwa Watanzania ni shughuli ya kumuaga binti kabla ya harusi. Kwa Waingereza "send-off" ni kumuaga yeyote anayeondoka, awe mstaafu au hata marehemu. Mchezaji akionyeshwa kadi nyekundu neno hubadilika kidogo, likawa "sending-off". Hiyo "-ing" ndogo ndiyo inayomtenga aliyeagwa kwa vifijo na aliyetolewa uwanjani kwa kosa.

Naona chanzo cha kuchanganyikiwa kwetu kimo ndani ya sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hakimwachi msomaji gizani kinapounda nomino kutokana na kitenzi. Kutokana na "funga" tunapata mfungaji, mfungwa, kifungo, mfungo na ufungaji, na mwanzo wa neno pamoja na mwisho wake hutuonyesha mtenda ni nani, aliyetendwa ni nani, na kipi ni kitendo chenyewe. Tumezoea kupewa habari hiyo. Kiingereza, kwa ukoo huu wa nomino, hakitoi alama yoyote. "Dropout" ni mwanafunzi aliyeacha shule, "hideout" ni mahali pa kujificha, "handout" ni kitu kinachogawiwa, "breakdown" ni tukio. Umbo ni moja: kitenzi, kijineno, basi. "Lookout" peke yake inaweza kuwa mlinzi anayechungulia, mahali anapochungulia, au kazi yenyewe ya kuchungulia.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya nomino ya namna hii si kitenzi chake kina maana gani, bali inataja nini: mtu, kitu, mahali au tendo? Wengi huanza na kitenzi, na kitenzi huwapotosha, kwa sababu nomino hairithi mali yote ya mzazi wake. Kitenzi "take off" ni kuvua nguo, ni ndege kupaa, ni kuondoka ghafla, ni kumuigiza mtu kwa dhihaka, ni jambo kushika kasi. Nomino "takeoff" ilirithi kupaa kwa ndege na igizo la dhihaka, nguo iliziacha. Kisha mwanauchumi wa Marekani, W. W. Rostow, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu hatua za ukuaji wa uchumi, akaipa hatua ya tatu kati ya tano jina hilo hilo, naye alikusudia uchumi unaoanza kupaa kwa nguvu zake wenyewe. "Make up" nayo ni kutunga uongo, na ni kupatana baada ya ugomvi. Nomino "makeup" ni vipodozi, au muundo wa kitu, au mtihani wa kufidia ule uliokosa. Uongo na suluhu vimebaki kwenye kitenzi.

Neno linaloleta madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni "turnover". Katika taarifa ya kampuni ya Uingereza ni jumla ya mauzo ya kipindi fulani. Anayelisoma kama faida anapotosha habari nzima, maana kampuni inaweza kuuza bidhaa za mabilioni na bado ikapata hasara. Katika idara ya ajira, neno hilo hilo ni kasi ya wafanyakazi kuondoka na wengine kuchukua nafasi zao. Kwenye mpira wa kikapu ni kupoteza mpira kwa wapinzani. Kwa mwokaji ni kitafunwa cha unga uliokunjwa, chenye tufaha ndani. Kitenzi hakitakusaidia kuchagua. Litakalokusaidia ni neno la jirani. Vivyo hivyo kwa "breakdown": ya gari ni kuharibika, ya mazungumzo ni kuvunjika, ya gharama ni mchanganuo, yaani kila gharama peke yake.

Wakati mwingine kijineno hutangulia, na maana hugeuka. "Outbreak" ni mlipuko wa ugonjwa au vita. "Breakout" ni wafungwa kutoroka. "Outlay" ni fedha zinazotumika. "Layout" ni mpangilio wa ukurasa au nyumba. "Upset" michezoni ni timu dhaifu kuiangusha kubwa; "setup" ni mpangilio, na pengine mtego aliotegewa mtu. Kutanguliza kijineno ni desturi ya kale: "income" lilimaanisha kuingia au kufika kabla ya kuwa neno la kipato.

Baadhi ya maana zimeletwa na historia tu. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, katika Pasifiki, na vumbi lenye mionzi likawaangukia mabaharia 23 wa meli ya uvuvi ya Japani, Daigo Fukuryu Maru. Vumbi hilo kwa Kiingereza ni "fallout". Leo magazeti hutumia neno hilo kwa athari mbaya zinazobaki baada ya jambo, kwa mfano kashfa ya waziri. Kwa kuwa kitenzi "fall out" kinaweza kuwa kugombana, ni rahisi kufasiri neno hilo kama ugomvi. Ugomvi ni "falling-out".

Matamshi nayo yanahitaji sikio. Kiingereza hutia mkazo mwanzoni mwa nomino, lakini katika kitenzi mkazo huangukia kijineno. Sisi hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunaposema pikapu na sendofu tunatamka nomino kwa mkazo wa kitenzi. Mwanafunzi anayehamishia mazoea hayo kwenye Kiingereza atasikika kama anayetaja tendo.

Nimemweka mwisho binamu wa ukoo huu, "oversight", kwa sababu lina maana mbili zinazopingana. Upande mmoja linakwenda na "oversee", kusimamia. Upande mwingine na "overlook", kupitiwa. Likitumika bila "an" mbele yake na bila wingi, mara nyingi ni usimamizi. Likiwa "an oversight" ni kosa la kupitiwa. Kamati ya bunge yenye neno hilo kwenye jina lake inasimamia kazi za serikali. Barua inayosema malipo yalichelewa kwa sababu ya "an oversight" inakiri kwamba mtu alisahau.