Fahamu: Kinachochelewesha mandhari ya 3D kabla ya picha kutoka

Umemaliza kuunda mtaa mzima wa 3D, unabonyeza kitufe cha kutoa picha, kompyuta inaduwaa. Mara nyingi picha yenyewe haijaanza hata kukokotolewa: programu ya kuundia bado inaandika faili ili programu ya kutoa picha ilisome.

Mzigo mkubwa ni marudio. Mwaka 2018 Disney iliweka hadharani mandhari ya kisiwa cha filamu ya Moana. Ukihesabu kila jani na kila kichaka, maumbo yanazidi bilioni 15. Nani angeyaandika yote upya? Umbo huandikwa mara moja tu, kisha huorodheshwa linatokea wapi, limegeukia upande gani na lina ukubwa gani.

Msimbo wa programu nao una lake. Programu ya kuundia 3D ya Blender, toleo la 3.1 la mwaka 2022, ilihamisha uandishi wa faili za OBJ kutoka lugha ya Python kwenda C++, na kasi ikapanda sana. Lakini OBJ ni maandishi matupu, na haijui marudio. Muundo wa faili wa USD, wa Pixar, unayajua, tena unaweza kuhifadhi data kwa mfumo wa baineri. Kwa mandhari nzito, achana na OBJ.