Deni la Miaka Saba: Bado Wanaweza Kukudai?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Umekaa zako Kiembeni unakula mahamri na mbaazi, simu inalia: "Uko na deni la miaka saba. Lipa leo ama tunakuja na polisi." Tulia kwanza, manze. Usitume kitu kabla ujue haya.

Deni lina umri

Sheria ya Kenya, Cap 22, inampa aliyekukopesha miaka 6 ya kukupeleka kortini. Inahesabiwa kutoka siku ulifaa kulipa ukakosa, si siku ulichukua doo. Ikipita, deni halijafutika, lakini kortini hana meno.

Hapa ndio wasee wengi hushikwa: ukilipa hata soo mbili za hilo deni, ama uandike na kutia sahihi kwamba unadaiwa, miaka 6 inaanza upya. Kwa hivyo jamaa akikwambia "tuma kidogo tu tuone nia yako," muulize kwanza: deni ni la lini, nililipa mara ya mwisho lini, na karatasi ziko wapi?

Kama alishaenda korti akashinda, hesabu inabadilika. Hukumu huishi miaka 12. Ndio maana samansi ya korti haitupwi. Usipotokea kujitetea, hukumu inaweza kutoka bila wewe, hata kama deni lilikuwa limezeeka. Na siku hizi ni haraka: korti ya madai madogo, ambayo Mombasa pia iko, husikiza madai ya hadi shilingi milioni 1 na inafaa kuamua ndani ya siku 60.

Wanaweza nini?

Kukupigia kwa heshima, kukuripoti CRB, na kukushtaki. Wakishinda, madalali wanakuja na waranti ya korti, wanaandika mali yako, kisha wanakupa siku 7 ulipe kabla wabebe. Kitanda, sufuria na nguo za familia haziguswi, wala vifaa unavyohitaji kwa kazi yako. Mshahara wakikata, mwisho ni theluthi moja. Lakini boda uliyoweka kama dhamana ya mkopo ni stori ingine, hiyo wanaweza kuichukua.

Hawawezi nini?

Kukuitia polisi. Kushindwa kulipa mkopo si jinai. Kuna jela ya madeni, ndio, lakini ni korti pekee inaamua, baada ya kukusikiza, na haizidi miezi 6.

App za mikopo nazo zilifungwa breki na kanuni za Benki Kuu za 2022: hakuna vitisho, matusi, wala kupigia mamako na bosi wako kwa sababu majina yao yako kwa simu yako. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Data aliipiga Mulla Pride, wenye app za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa mchezo kama huo. Ukifanyiwa, hifadhi zile meseji na upeleke malalamiko kwa ofisi hiyo.

Bado dawa ya deni ni kulipa. Kama ni lako na liko hai, ongea na anayekudai, mwandikiane mpango wa kulipa pole pole, na kila meseji ya M-Pesa uiweke.