Losheni ya Jua: Nambari ya SPF Haielezi Yote

Mtu mwenye ualbino anaweza kupaka losheni kila asubuhi, asiungue hata siku moja, na bado ngozi yake ikaendelea kudhurika. Miale ya jua inayoitwa urujuanimno ni ya aina kadhaa, na si kila losheni huzuia zote.

Aina kali zaidi, UVC, huzuiwa na tabaka la ozoni angani. UVB hufika ardhini na ndiyo hasa huchoma ngozi ya juu ikawa nyekundu na kuuma. UVA haichomi upesi hivyo, lakini hupenya ndani zaidi ya ngozi, na sehemu yake kubwa hupita hata kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. UVB na UVA zote mbili huchangia saratani ya ngozi. Melanini, ambayo huipa ngozi rangi yake, ni kinga ya asili. Mwenye ualbino anayo kidogo mno au hana kabisa. Na Kenya imekatwa na ikweta, kwa hivyo jua lake ni kali mwaka mzima.

Nambari ya SPF hupimwa kwa kuangalia ngozi inachukua muda gani kuiva, yaani inahusu zaidi UVB. Losheni ya SPF 30 ikipakwa ya kutosha huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo, na ya SPF 50 takriban asilimia 98. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko bei zinavyodokeza.

Kuhusu UVA, mnunuzi atafute maneno "Broad Spectrum" au herufi UVA ndani ya duara. Kisha ageuze chupa asome viungo. "Zinc Oxide" hukinga dhidi ya aina zote mbili. "Titanium Dioxide" ina nguvu zaidi kwa UVB, na "Avobenzone" kwa UVA. Wengi hudhani zinki hurudisha miale kama kioo. Kwa kweli huinyonya sehemu kubwa, sawa na viungo vingine. Weupe unaobaki usoni si kasoro.

Kosa la kawaida ni kupaka kidogo. Uso na shingo huhitaji losheni ya urefu wa vidole viwili, kisha ipakwe tena kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi kwa anayetoka jasho. Kofia pana na mikono mirefu bado vinahitajika, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa losheni bila malipo kwa watu wenye ualbino waliosajiliwa. Ambaye hajasajiliwa aulize katika ofisi ya baraza hilo kwenye kaunti. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa wiki kadhaa kionyeshwe kwa daktari mapema, hata kama hakiumi.