Mteremko wa Kitonga ni Darasa la Mzamiaji

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa basi hupita Uyole, mahali ambapo reli ya TAZARA nayo hufikia kilele chake cha kiasi cha mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Hushuka katika bonde la Usangu, hupanda tena hadi Makambako na Mafinga, huuona mji wa Iringa ukiwa juu ya kilima upande wake wa kushoto, na baada ya Ilula hufika mahali ambapo mazungumzo ndani ya basi hukatika. Hapo ni Kitonga. Barabara hujipinda ukingoni mwa genge, malori yaliyosheheni mizigo hushuka kwa mwendo wa kinyonga, na abiria, wakubwa kwa wadogo, huanza kumeza mate. Wazee hupiga miayo. Watoto wachanga hulia, na mama zao, bila ya kufundishwa na daktari yeyote, huwapa ziwa. Kila mmoja kwa njia yake anayatibu masikio yake.

Katika safari moja ya namna hiyo tulikaa jirani na kijana wa visiwani aliyekuwa amekwenda Mbeya kununua mchele wa Kyela. Tulipoanza kuuteremka mlima alilishika sikio lake la kushoto kwa viganja viwili, akainama, na machozi yakamtoka. Tulimpa maji anywe. Alipopata nafuu tulimuuliza yaliyomsibu.

"Ami," alituambia, "sikio hili limeumia baharini. Najifunza kuzamia kwa mtungi. Siku ile nilikuwa na mafua, nikamwambia anayetufundisha kwamba sikio linachoma. Akanambia, vumilia, utazoea."

Neno hilo, "vumilia", ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Katika mambo mengi uvumilivu ni sifa njema. Sisi wenyewe tulipokuwa chuoni maalimu alilivuta sikio letu mara nyingi tulipokosea herufi, nasi tukavumilia, tukajua kusoma. Lakini sikio linalouma ndani ya maji halimtaki mtu avumilie. Linamwamrisha asimame. Tunasema wazi kwamba anayemwambia mwanafunzi wa kuzamia avumilie maumivu ya sikio hamfundishi kazi, anamfundisha uziwi.

Ili jambo hili lieleweke, na tuanze na mlima wenyewe. Hewa ina uzito, nayo hutugandamiza pande zote. Mtu aliyeko ufukweni hubeba mgandamizo wa hewa yote iliyo juu yake, na mtu aliyeko Mbeya mjini, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hubeba mgandamizo uliopungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Nyuma ya ngoma ya sikio kipo chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kina mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua na koo. Mtu apandapo mlima, hewa ya chumbani hutanuka na kutoka yenyewe kwa njia ya mrija huo. Ashukapo, mgandamizo wa nje huisukuma ngoma kwa ndani, na mrija hauna tabia ya kujifungua wenyewe kuingiza hewa. Hufunguka mtu amezapo mate, apigapo mwayo au achezeshapo taya. Ndiyo sababu ya mama wa Kitonga kumpa mtoto ziwa: mtoto akinyonya humeza, na akimeza mrija hufunguka.

Sasa ndugu zetu wa visiwani wazingatie hesabu hii. Maji ni mazito mno kuliko hewa. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo safari nzima ya kutoka Mbeya hadi pwani, zaidi ya kilomita 800, kutwa nzima ndani ya basi, huyabadilishia masikio mgandamizo ule ule anaoupata mzamiaji akishuka mita mbili kasoro kidogo. Huo ni urefu wa mtu mrefu kidogo tu. Yale ambayo nyanda za juu hutufanyia kwa saa kumi na zaidi, bahari huyafanya kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Kutokana na hesabu hiyo unapatikana ukweli ambao wengi hawaudhanii. Watu huogopa kina kirefu, lakini kwa upande wa masikio hatari kubwa iko karibu na uso wa maji. Kutoka juu hadi mita 10 mgandamizo huwa mara mbili, na hewa iliyofungiwa husinyaa hadi nusu. Kutoka mita 10 hadi 20 mgandamizo huongezeka kwa nusu tu ya ule uliokuwapo. Kanuni hii ilielezwa na Robert Boyle wa Uingereza mwaka 1662. Isitoshe, madaktari wa uzamiaji wanatuambia kwamba mtu akishuka zaidi kidogo ya mita moja bila ya kuyafungua masikio yake, mlango wa ule mrija hugandamana, na hata akipuliza namna gani haufunguki tena. Aliyechelewa katika mita ya kwanza amechelewa kweli kweli.

Mwanafunzi afanye nini basi? Kwanza, aanze kabla maji hayajamfunika kichwa, na aendelee kila anaposhuka kiasi cha urefu wa mkono wake, bila ya kungoja maumivu. Aibane pua kwa vidole, afunge mdomo, kisha apulize taratibu kwa puani hadi asikie masikio yakifunguka. Njia hii inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia ambaye mwaka 1704 alitoa kitabu kuhusu sikio la binadamu. Njia nyingine iliyo ya upole zaidi ni kumeza mate huku pua imebanwa. Pili, ashuke miguu ikitangulia, akiishika kamba ya nanga, ili aweze kusimama popote anapotaka. Anayeshuka kichwa chini hupata taabu zaidi kuyafungua masikio. Tatu, sikio likikataa asishindane nalo. Apande kama mita moja, ajaribu tena, na likikataa mara ya pili au ya tatu arudi juu. Siku hiyo kazi imekwisha, wala hapana aibu yoyote.

Inafaa kusisitiza lile neno "taratibu". Mtu anayepuliza kwa nguvu zake zote wakati mrija umeziba aweza kupasua utando mwembamba wa sikio la ndani. Ngoma ya sikio ikitoboka, mara nyingi huziba yenyewe kwa muda wa wiki kadhaa ikiachwa kavu. Sikio la ndani halina dhamana hiyo. Likidhurika, mlio, kizunguzungu na uziwi vyaweza kubaki maisha yote. Na ngoma ikipasuka mtu angali chini, maji ya baridi huingia ndani na kumtia kizunguzungu asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Wako wanaoangamia kwa sababu hiyo, na watu husema kwamba wamechukuliwa na mkondo.

Tukiacha masikio, ndani ya mifupa ya uso, kwenye paji, mashavuni na kando ya pua, vimo vishimo vya hewa ambavyo madaktari huviita sainasi. Navyo vina vijia vyembamba vinavyotokea puani. Mtu mwenye mafua vijia hivyo huvimba na kuziba. Akizama katika hali hiyo husikia paji la uso kama linachomwa kwa kisu, na akitoka juu huikuta damu ndani ya miwani yake. Ole wake yule anayemeza dawa ya kufungua pua ili apate kuzama. Dawa yaweza kwisha nguvu yake angali chini, na hewa iliyoingia ikakosa njia ya kutokea wakati wa kupanda. Mwenye mafua apumzike. Bahari haihami.

Yako pia makosa ya vifaa. Wengine hutia pamba au vizibo masikioni wakidhani kwamba wanayakinga. Kizibo hufungia hewa kati yake na ngoma, hewa ambayo haina mrija wala mlango, na hivyo huleta madhara yale yale yanayoogopwa. Wengine huvaa miwani ya kuogelea inayofunika macho pekee. Miwani ya mzamiaji sharti ifunike na pua, ili apate kupulizia hewa ndani yake. Vinginevyo mgandamizo utayafyonza macho hadi mishipa ya damu ipasuke. Na aliyekwisha kuumia sikio asitie kijiti, wala mafuta ya nazi, wala dawa ya matone aliyopewa na jirani. Aende kwa daktari, na asizame tena mpaka daktari amruhusu.

Mlima unalo somo la pili, nalo linawahusu hasa wasafiri wa kati ya visiwani na nyanda za juu. Mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi huingiza naitrojeni nyingi katika damu na mwili wake, na hewa hiyo huhitaji muda kutoka. Akipanda mahali penye mgandamizo mdogo kabla haijatoka, huweza kugeuka mapovu mwilini. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo na kupooza, na hata sikio la ndani hayaliachi salama. Wataalamu wanashauri angalau saa 12 za kungoja baada ya kuzama mara moja, saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya saa 24 kwa aliyezama kwa kina na muda uliomlazimu kusimama njiani wakati wa kupanda. Ushauri huo umewekwa kwa ajili ya wasafiri wa ndege, lakini Iringa na Mbeya ziko juu kiasi kile kile ambacho ndege hukiigiza ndani yake. Basi lipandalo Kitonga, kwa mwili wa mzamiaji, ni ndege.

Hata huko huko mkoani Mbeya jambo hili lipo. Ziwa Nyasa, kule Matema wilayani Kyela, liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Anayezama hapo asubuhi na kupanda gari la Mbeya mchana atapita Tukuyu na kuuvuka ukingo wa milima wenye zaidi ya mita 2,000 kabla ya kufika Uyole. Alale Kyela. Wali wa huko unatosha kumfariji.

Sasa tunawageukia viongozi wetu. Nchi yetu imejifunza kwa machozi umuhimu wa wazamiaji: MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander katika bahari ya Nungwi mwaka 2011, MV Nyerere huko Ukara mwaka 2018, na ndege iliyoanguka ziwani Bukoba mwaka 2022, ambapo wavuvi ndio waliotangulia kufika kuokoa. Vijana wa Mbeya na Iringa, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari, hujiunga na vikosi vya uokoaji na kazi za utalii wa pwani. Vijana wa visiwani nao hushushwa chini kuchukua majongoo ya bahari. Mtungi ukishatolewa pamoja na elimu ni chombo cha kazi. Ukitolewa bila ya elimu ni mtego.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, wala si ya gharama kubwa. Kila anayeanza kujifunza kuzamia apimwe masikio na pua na daktari kwanza. Kila mwenye mitungi ya kukodisha au kuajiria watu alazimike kuonyesha kwamba waliofundishwa wamefundishwa na mjuzi, na kwamba mwanafunzi aliyesema sikio linauma hakulazimishwa kushuka. Na waganga wa zahanati za visiwani, za Kyela na za njia kuu ya Iringa wafunzwe kumuuliza mgonjwa mwenye kizunguzungu au maumivu ya viungo swali moja tu: je, ulizama lini?

Yule kijana tuliagana naye Dar es Salaam. Tulimshauri aende hospitali kabla ya kupanda boti, naye akatuahidi. Tulipokuwa tukisema naye aligeuza uso kila mara ili atusikie kwa sikio la kulia. Alikuwa na umri usiozidi miaka 22.

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la kijana huyo halikuwa la kufa. Lilipiga kelele mapema, likaomba msaada kwa lugha ya maumivu, na lilikuwa na haki ya kusikilizwa. Hatuna budi kuwafundisha vijana wetu, na wale wanaowaongoza, wayasikilize masikio yao kabla masikio hayo hayajaacha kuwasikilizia dunia.