Bustani ya Nyumbani Wakati wa Kiangazi katika Likasi

Kila mwaka, tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, mvua hainyeshi Likasi, au hunyesha kidogo sana. Nchi hii hupata mvua nyingi, yapata milimita 1,200 kwa mwaka, lakini karibu yote huja katika miezi ya masika. Halafu mbingu hufungwa, majani ya porini hukauka na kuungua, na uwanja wa nyumba huwa kama jangwa la vumbi jekundu. Ndipo mboga hupanda bei sokoni, na mama mwenye watoto wengi huona taabu. Lakini ujue ya kwamba kiangazi si adui wa bustani. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba yapendwa na kabeji na vitunguu, na magonjwa ya nyanya yaletwayo na unyevu hupungua. Kinachokosekana ni maji tu, na maji yaweza kutumiwa kwa akili.

Kabla ya kushika jembe, tazama udongo. Katika Likasi jambo hili lapita hata maji, nami nitakueleza sababu.

Zamani, kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, wazee wa Katanga walikuwa wakichimba shaba kwa mikono yao. Hiyo ilikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukiisha kuvunwa, mafundi walikwenda machimboni pamoja na watu wao, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha yale mawe ya rangi ya majani mabichi. Shaba iliyopatikana ilitengenezwa kuwa misalaba, ikauzwa mbali. Misalaba ya namna hiyo ilionekana katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, walipochimba wataalamu mwaka 1957 na 1958.

Nilipotembea Kambove, kaskazini-magharibi ya Likasi, nilionyeshwa mahali pasipo miti. Pori lilipazunguka pande zote, lakini pale palikuwa na majani mafupi tu, na mmea mmoja wenye maua madogo ya zambarau. Watu huuita ua la shaba. Jina lake la kitaalamu ni Haumaniastrum katangense. Mmea huu hustahimili udongo wa shaba ambao mimea mingine hufa humo. Kwa hiyo watafutaji wa madini waliufuata, na baadaye wataalamu wa mambo ya kale waliufuata pia, wakagundua matanuru ya zamani. Fikiri basi: wayeyushaji wamekufa zamani sana, tanuru limebomoka, lakini shaba yao ingali udongoni, na ua linaionyesha.

Kama wazee wenye tanuru dogo waliacha alama hiyo, je, viwanda vya Panda na Shituru? Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, na vumbi na maji machafu ya kazi hiyo yameenea miaka mingi mpaka bonde la Lufira. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kwamba watu wakaao chini ya kilometa 3 kutoka machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo kuliko watu wa mbali, na watoto hasa. Kobalti hiyo huingia kwa vumbi, na kwa chakula pia.

Kwa hiyo usilime mahali palipo na ua la shaba, wala penye mawe ya kijani, wala penye takataka nyeusi za tanuru. Kama magugu hayaoti masika, au mahindi hutoka na majani ya manjano na mizizi mifupi, paache. Usinyweshe kwa maji ya kijito kitokacho upande wa kiwanda, hata kama ni karibu na maji ya kisima ni mbali. Najua kubeba ndoo ni kazi ngumu. Lakini maji yale huongeza sumu kila siku.

Ukiwa na shaka, jaza masanduku au magunia udongo ulioletwa kutoka porini. Udongo wa kichuguu kikubwa wafaa sana, kwa maana una chokaa, na chokaa huzuia shaba isiingie upesi katika mmea. Lakini kichuguu kilichosimama juu ya mawe ya shaba usikiguse, kwa sababu mchwa huleta juu kila kilicho chini. Tena, mboga za majani kama lengalenga na matembele huvuta madini kuliko mboga za matunda. Penye shaka panda nyanya, maharagwe au mabilingani, na lengalenga iwe katika gunia. Majani yote yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Sasa matuta. Masika twainua tuta ili maji yapite. Kiangazi fanya kinyume. Chimba kitanda kilicho chini ya uwanja kidogo, upana meta 1 na urefu meta 5, na kingo zake ziwe juu, ili maji yakae. Changanya samadi iliyooza, kisha funika udongo kwa majani makavu. Mchwa watayala, yaongeze tu. Nywesha jioni au alfajiri. Debe moja la lita 20 latosha yapata meta 4 za mraba kwa siku, na maji ya kuoshea mboga yasimwagwe njiani. Chungu kisichopakwa rangi, kikizikwa mpaka shingoni na kujazwa maji, hunywesha mizizi polepole. Ni njia ya kale, nami naipenda kuliko zote kwa nyanya.

Nilifika pia Bunkeya, mji wa Msiri aliyetoka Unyamwezi. Aliuawa huko tarehe 20 Desemba 1891, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa. Watu husimulia zaidi habari za bunduki. Mimi niliwaza mashamba: mwaka ule Wasanga walikuwa wameasi, vyakula viliharibika, mji ukatawanyika, na njaa ikaua wenyeji na wapagazi wa kapteni Stairs pia. Likasi nayo hula unga utokao mbali, mwingi kutoka Zambia, na miezi mibaya ni ileile, kabla mahindi mapya hayajakomaa.

Basi mwezi wa kumi, jua likiwa kali, tandaza kivuli cha majani juu ya kitalu, upande mbegu za kabeji na nyanya, na lengalenga katika magunia. Lengalenga huchumwa baada ya majuma manne hivi.