Kufundisha Kinga ya Mwili: Pale Mlinzi Anapomdhuru Mwenye Zizi

Miongoni mwa mada za Sayansi ambazo wanachuo huziona nyepesi, na kwa sababu hiyo kuzifundisha vibaya, ni mada ya kinga ya mwili. Wepesi huo unatokana na mfano mmoja uliozoeleka mno: mwili ni nchi, vijidudu ni adui, chembe nyeupe za damu ni askari. Mwanachuo huchora askari wenye bunduki ubaoni, wanafunzi hushangilia, kengele hulia, na kipindi huhesabiwa kuwa kimefaulu. Mfano huo si wa uongo, lakini una upungufu mkubwa. Unaeleza mapigano tu, wala hauelezi jinsi askari anavyomtambua adui. Na kutambua ndiko kiini cha mada yote. Mwalimu asiyefundisha utambuzi hataweza kueleza kwa nini mwili wa mtoto huweza kuushambulia moyo wake wenyewe, jambo linalowapata watoto wa umri uleule tunaowafundisha katika shule za msingi.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine, kwa kutumia mambo ambayo mtoto wa Tarime au Serengeti anayajua kabla hajafika shuleni.

Anza na jeraha. Ni nadra kumpata mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kujikwaa kidole cha mguu na, baada ya siku mbili tatu, kupata mtoki kinenani. Waulize wanafunzi: jeraha liko kidoleni, mbona uvimbe umetokea kinenani? Waache wabishane. Swali hilo moja lina thamani kuliko mchoro wa askari kumi. Jibu lake ni kwamba majimaji yanayotoka mguuni hupita katika tezi za limfu zilizopo kinenani, na humo chembe nyeupe hukutana na vijidudu, huvikagua, na zile zilizovitambua huongezeka kwa wingi. Mtoki ni dalili ya kazi hiyo. Usaha unaotoka kidoleni nao, kwa sehemu kubwa, ni mizoga ya chembe nyeupe zilizokwisha kufanya kazi yake.

Hapo mwalimu aeleze kuwa walinzi wa mwili ni wa namna mbili. Wa kwanza hummeza mgeni yeyote mwenye dalili za jumla za kijidudu. Hawa hufika mapema na hawachagui sana. Wa pili, waitwao limfosaiti, hutambua kwa undani. Kila limfosaiti ina kipokezi cha umbo moja tu, kama ufunguo unaofaa kufuli moja, na mwilini zimo zenye maumbo ya mamilioni mbalimbali. Ile inayokutana na umbo linaloilingana huzaana. Baadhi ya watoto wake hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonata kwenye kijidudu, na baadhi huziua chembe za mwili zilizokwisha kuingiliwa na virusi. Wachache hubaki kwa miaka mingi wakiwa na kumbukumbu. Ndiyo sababu aliyeugua surua mara moja kwa kawaida haugui tena.

Kwa kumbukumbu hiyo hakuna mfano bora katika mkoa wetu kuliko sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukafyeka sehemu kubwa ya ng'ombe na kuleta njaa kali kwa wafugaji. Ng'ombe waliambukiza nyati na nyumbu pia. Katika Serengeti walioonekana kufa zaidi ni nyumbu wachanga waliokwisha kupita miezi ya kwanza ya maisha. Ndama mdogo kabisa alisalimika kwa sababu ya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ambayo yana kingamwili za mama. Kinga hiyo ya kuazima ilipokwisha baada ya miezi kadhaa, naye bado hajajijengea yake, ugonjwa ulimkuta mtupu. Kisha Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo ya virusi vilivyodhoofishwa, ambayo ilitumika kwa wingi kuanzia miaka ya 1960. Waliochanjwa ni ng'ombe. Nyumbu hawakuchanjwa, lakini ugonjwa ulipokosa makazi kwa ng'ombe uliwatoka nyumbu nao. Idadi yao, iliyokuwa karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipita 1,000,000 kufikia mwaka 1977. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka. Kwa hiyo makundi ya nyumbu ambayo watalii hutoka mbali kuyatazama yanatokana kwa kiasi kikubwa na sindano waliyodungwa ng'ombe wa majirani. Mwanafunzi akilipata jambo hilo, ameelewa kinga ya kuazima, kinga ya kujijengea na kinga ya jamii, bila kukariri hata tafsiri moja.

Chapa ya ng'ombe

Sasa tuje kwenye utambuzi. Badala ya askari wa vita, mwombe mwanafunzi afikirie walinzi wa usiku katika zizi kubwa. Kazi yao si kupiga tu. Kila mnyama anayepita mlangoni hutazamwa chapa yake: huyu ni wetu, huyu si wetu. Mlinzi asiyejua chapa za nyumbani ni hatari kuliko kutokuwa na mlinzi kabisa.

Walinzi wa mwili nao hufundishwa chapa. Limfosaiti za kundi moja, ziitwazo seli T, hupitia katika tezi thimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kidari na ambayo huwa kubwa utotoni. Humo huonyeshwa protini za mwili wenyewe. Ile inayozishika kwa nguvu, yaani inayoelekea kumshambulia mwenye zizi, huuawa papo hapo. Wanaofeli mtihani huu ni wengi kuliko wanaofaulu. Hata hivyo baadhi ya wakorofi hupenya. Kwa ajili yao wapo walinzi wengine ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Seli hizo za kutuliza zilibainishwa na Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa ugunduzi wa namna mwili unavyojizuia usijidhuru.

Nitoe tahadhari moja kuhusu mfano huu. Katika wilaya zetu wizi wa ng'ombe si hadithi ya kubuni, na watu wamepoteza maisha kwa sababu yake. Mwanachuo asitaje ukoo wala kijiji chochote anaposimulia habari za mwizi. Watoto huyapeleka nyumbani yote wanayoyasikia darasani. Mwizi wa mfano wetu asiwe na jina, na atoke mbali.

Kosa la utambuzi

Fikiria basi kwamba ametokea mwizi ambaye ng'ombe wake wana chapa inayofanana sana na ya kwetu. Walinzi wanaikariri chapa hiyo, wanamfukuza mwizi, wanashinda. Baada ya wiki chache wanaona chapa inayofanana nayo ndani ya zizi lenyewe, juu ya ng'ombe wa mwenye nyumba, na wanaanza kuwapiga.

Hivyo ndivyo inavyotokea katika homa ya rumatiki. Mtoto, hasa wa umri wa miaka 5 hadi 15, huugua koo kwa sababu ya bakteria waitwao streptokoka. Ganda la bakteria hawa lina protini ambazo kwa umbo zinafanana na protini za misuli na vali za moyo wa binadamu. Mwili hutengeneza kingamwili na seli za kupigana na bakteria. Koo hupona. Wiki mbili hadi nne baadaye, wakati mtoto na wazazi wamekwisha kusahau, huja homa, na maungo makubwa kama magoti, vifundo vya miguu na viwiko huvimba na kuuma kwa zamu, leo hili kesho lile. Maumivu ya viungo huondoka bila kuacha alama. Moyoni sivyo. Vali, ile milango midogo inayouzuia moyo usirudishe damu nyuma, huvimba, na zikipona huwa na makovu. Kila shambulio jipya la koo huweza kuleta shambulio jipya la moyo, na kovu huongezeka juu ya kovu, hata mlango haufunguki sawasawa au haufungi. Mtoto huyo ndiye atakayebaki nyuma katika mchakamchaka akihema. Akiwa msichana, anaweza kuja kugundulika miaka mingi baadaye, katika ujauzito, moyo unaposhindwa kuubeba mzigo mpya.

Si kila mwenye koo hupata ugonjwa huu. Wengi wa wenye maumivu ya koo wameambukizwa virusi vya mafua tu, na hata kati ya wenye streptokoka ni wachache ambao walinzi wao hukosea. Urithi una sehemu yake. Makazi ya msongamano, ambamo koo hupita kutoka mtoto hadi mtoto, yana sehemu kubwa zaidi, na ndiyo maana ugonjwa huu umekaribia kutoweka katika nchi tajiri huku ukiendelea kuwaumiza vijana wetu. Mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane nao. Upasuaji wa vali hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, lakini kutoka Sirari au Mugumu hadi huko ni safari ndefu na gharama kubwa, ilhali penisilini ikitolewa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma huzuia homa hiyo isitokee.

Kwa kulinganisha, mwalimu anaweza kutaja kisukari cha watoto, ambamo walinzi huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto hunywa maji mno, hukonda, na huomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara. Apewe ruhusa hiyo, na mzazi wake aarifiwe siku hiyohiyo, maana ugonjwa huu usipotibiwa kwa insulini huua haraka.

Mwanafunzi aliye mbele yako

Yapo mambo mawili ambayo mwalimu huyaona kabla ya mganga. La kwanza ni koo lenyewe. Kazi ya mwalimu si kutoa dawa. Ni kumpeleka mtoto zahanati na kuzungumza na mzazi wake kwa heshima. Katika sehemu nyingi za nchi mtoto mwenye koo hupelekwa akakatwe kimeo. Usiwabeze wazee wanaoliamini jambo hilo, lakini waeleze kuwa kukata kimeo hakuwaondoi bakteria, na jeraha lake laweza kutoa damu nyingi au kuingiza pepopunda.

La pili ni gumu zaidi. Homa ya rumatiki huweza kuufikia ubongo, pengine miezi kadhaa baada ya koo kupona. Mtoto, mara nyingi msichana, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri, huanza kuandika ovyo. Kalamu humtoka mkononi. Mabega na vidole hujisogeza vyenyewe, uso hukunjamana kama anayekejeli, hulia au kucheka bila sababu ya wazi. Akilala, yote hutulia. Mwalimu asiyejua humwona mtoto huyo mtukutu na kumwadhibu kwa kukosa adabu, na nyumbani huenda ikasemwa amerogwa. Tazama madaftari yake ya mihula iliyopita. Mwandiko ulioharibika katika wiki chache kwa mtoto ambaye zamani aliandika vizuri si utovu wa nidhamu, ni sababu ya kumpeleka hospitali moyo wake usikilizwe.

Wanafunzi watauliza maswali, na mwanachuo ajiandae. Watauliza kama huu ni UKIMWI. Hapana: katika UKIMWI virusi huwaua walinzi na zizi hubaki wazi, hapa walinzi ni wazima lakini wamemkosea mtu. Watauliza kama unaambukiza. Koo linaambukiza, kosa la walinzi haliambukizi, na mtoto mwenye moyo ulioumia akae dawati moja na wenzake. Mmoja atauliza, na huyo ndiye aliyekuelewa: ikiwa walinzi wanaweza kukosea, kwa nini tuchanjwe? Mjibu kwamba walinzi watajifunza tu, kwa chanjo au kwa ugonjwa wenyewe, na kujifunza kwa ugonjwa kuna hatari kubwa zaidi. Mkumbushe mbwa wanaochanjwa dhidi ya kichaa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kwa ajili ya mbwa hao wapo watu walio hai leo.

Mwisho ni suala la daftari la mahudhurio. Mtoto aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huhitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, ili koo lisirudi na kuwaamsha walinzi upya. Sindano hiyo inauma sana, na zahanati huenda iko mbali, hivyo siku hiyo mtoto atachelewa au hatafika kabisa. Wengi huacha sindano kwa sababu ya uchovu wa safari na kwa kuogopa kuandikwa watoro. Andika tarehe zake nyuma ya daftari, mkumbushe siku moja kabla, na siku hiyo usimwekee alama ya utoro.