Tochi ya LED: kwa nini inamulika mbali lakini huoni miguuni?

Ni saa sita usiku. Umesikia mabua ya mahindi yakivunjika upande wa shambani. Kwa wenzetu wa Meatu, Itilima na Bariadi wanaoishi jirani na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, huyo anaweza kuwa ng'ombe aliyekata kamba, au tembo. Unachukua tochi na kutoka. Mwanga unafika hadi kwenye mti wa mbali, lakini pale unapokanyaga ni giza tupu. Na nyoka aina ya kifutu ana tabia ya kulala njiani bila kukupisha.

Msikilizaji, tochi yako si mbovu. Imepangwa kumulika mbali, basi. Lenzi haiongezi mwanga hata kidogo; inaupanga tu. Mwanga unaopelekwa mbali umeondolewa karibu.

Ndani ya tochi kuna nini?

Kile kidude kidogo cha manjano katikati ndiyo LED yenyewe. Bila kitu mbele yake, humwaga mwanga kwa upana upande wote wa mbele. Tochi huuelekeza kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kikombe king'aavu kinachoizunguka LED. Kikombe hukusanya mwanga wa pembeni na kuurusha mbele, na ule wa katikati hutoka wenyewe ukitawanyika. Ndiyo maana ukutani unaona doa kali katikati na mwanga hafifu kuizunguka. Tochi ya namna hii inafaa kutembelea, maana unaona mbele na miguuni pia.

Njia ya pili ni lenzi, yaani kioo au plastiki iliyovimba katikati, kama kwenye tochi za kuvuta shingo. Ukivuta, lenzi inakaa mbali na LED na mwanga unakuwa mwembamba. Ukivuta hadi mwisho, utaona umbo la mraba ukutani. Hiyo ni picha ya LED yenyewe. Lakini hapo mwanga mwingi wa pembeni unagonga ukuta wa ndani wa tochi na kupotea. Ukirudisha shingo, mwanga unakuwa mpana na sawasawa.

Jaribu mwenyewe leo usiku. Simama hatua 2 kutoka ukutani, uangalie upana wa duara. Rudi nyuma hadi hatua 4. Upana umekuwa mara 2, lakini eneo la duara limekuwa mara 4. Mwanga ni uleule, kwa hiyo kila sehemu ya ukuta inapata robo tu. Ndiyo sababu mwanga mpana haufiki mbali.

Shambani

Ukiwa unatembea, rudisha shingo ili uone miguuni. Ukifika mahali salama pa kusimama, vuta umulike mbali. Mkiwa wawili au zaidi, mmoja awe na mwanga mpana na mwingine mwembamba.

Shirika la Honeyguide limefundisha vikundi vya wakulima hapa Tanzania kufukuza tembo kwa hatua: kwanza mwanga mkali, kisha honi, kisha fataki za pilipili. Hufanywa kwa kikundi na kwa mbali. Tochi haimzuii tembo aliyekasirika, hivyo usimfuate peke yako. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori.

Nyumbani

Kumhudumia mgonjwa au kumsaidia mtoto kusoma kunahitaji mwanga uliotawanyika, usioumiza macho. Njia rahisi ni kusimamisha tochi ikielekea juu. Bati jipya au dari nyeupe itarudisha mwanga chumba kizima. Nyasi zenye masizi zitaumeza.

Kama paa lako ni la nyasi, weka juu ya tochi kidumu cheupe cha plastiki, kile kinachopitisha mwanga kidogo. Au chukua chupa ya maji isiyo na rangi, tia matone machache ya maziwa, uiweke juu ya tochi. Maziwa hutawanya mwanga na chupa nzima inawaka kama taa.

Tahadhari

Usikwangue lenzi kwa msasa ili kulainisha mwanga, haitarudi ilivyokuwa. Usifunike tochi kali kwa kitambaa au karatasi, kwani hupata joto. Usiache tochi ya lenzi ikiangalia jua: lenzi hukusanya miale na inaweza kuunguza LED. Na usimmulike mtu machoni.

Siku ukienda dukani, muuzaji atakuonyesha jinsi tochi inavyofika mbali. Mwombe pia aimulike sakafuni, karibu na miguu yako. Hapo ndipo utakapokuwa unakanyaga.